Kunasa

"Nasa" ni kitenzi cha mtego. Ulimbo hunasa ndege, miiba hunasa kanga ya mpita njia, kinasa sauti hushika sauti inayopita. Katika yote hayo kinachonaswa ndicho kinachokwenda, kinachonasa kimetulia. Hapo ndipo "nasa" huachana na "kamata", inayotaka mkono unaofuatia, na "daka", inayotaka kitu kilichorushwa.

Maana hii huonekana waziwazi kwa Wagenia, wavuvi wa maporomoko ya Boyoma, Kisangani. Wao husimika magogo katika matundu ya miamba, huyafunga kwa kamba za mwituni, kisha hutundika madema makubwa yenye umbo la koni, mdomo ukielekea maji yanakotoka. Mkondo wenyewe humsukuma samaki hadi kwenye ncha nyembamba, asiweze kugeuka. Kazi ngumu ya mvuvi hutangulia: kujua maji yatapita wapi.

Watunga programu wanalihitaji neno hili kila siku. Katika Java, lugha ya kompyuta iliyotolewa 1995, hitilafu husemwa kuwa "imerushwa", na kwa kufuata mfano huo mtu angependa kusema "kudaka". Lakini sehemu inayoipokea haiikimbilii. Iliwekwa mapema, pale ambapo faili huenda lisipatikane au intaneti ikakatika, ikangoja. "Kunasa hitilafu" ndiyo tafsiri sahihi zaidi. Samaki huozea ndani ya dema lisilotazamwa. Hitilafu iliyonaswa bila kushughulikiwa nayo huiacha programu ikiendelea kana kwamba ni nzima, na mtunzi wake hukesha akitafuta chanzo.