Alikolazwa Ben Barka

Adhuhuri ya Ijumaa, tarehe 29 Oktoba 1965, Mehdi Ben Barka alikuwa akiukaribia mgahawa wa Lipp, kwenye barabara kuu ya Saint-Germain jijini Paris. Alikuwa ametua asubuhi ile kutoka Geneva. Alikuwa na miadi ya kuzungumzia filamu kuhusu nchi zilizokuwa zikijikomboa, na mwongozaji maarufu Georges Franju alitarajiwa kuwapo. Alifuatana na kijana mmoja wa Kimoroko, mwanafunzi. Kabla hawajaingia, wanaume wawili wakamsimamisha na kumwonyesha vitambulisho vya polisi. Vitambulisho vilikuwa halali, kwani Louis Souchon na Roger Voitot walikuwa polisi kweli. Ben Barka akapanda gari lao bila ubishi, mwanafunzi akabaki kando ya njia. Hakuna aliyewahi kuuona mwili wake.

Huyu hakuwa mtu wa kupotea hivi hivi. Alizaliwa Rabat, Morocco, mwaka 1920, akasomea hisabati na kuifundisha, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo mwanamfalme aliyekuja kuwa Mfalme Hassan wa Pili. Baada ya uhuru wa Morocco aligeuka mpinzani mkubwa wa utawala huo huo, akahukumiwa kifo akiwa uhamishoni. Mwaka huo wa 1965 alikuwa akiandaa mkutano wa Havana wa kuziunganisha Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Wazo la mkutano huo lilikwishatolewa kwetu Moshi, mwezi Februari 1963, wajumbe wa mshikamano wa Afrika na Asia walipokutana chini ya Kilimanjaro. Waliomwona Ben Barka ni hatari hawakuwa Rabat peke yake.

Gari la polisi lilimpeleka Fontenay-le-Vicomte, kusini mwa Paris, kwenye nyumba ya jambazi aitwaye Georges Boucheseiche. Ndani ya gari alikuwamo Antoine Lopez, mfanyakazi wa Air France katika uwanja wa Orly, ambaye pia alikuwa mpasha habari wa idara ya ujasusi ya Ufaransa. Simu zikapigwa Morocco. Kesho yake Jenerali Mohamed Oufkir, waziri wa mambo ya ndani, akatua Ufaransa, na Ahmed Dlimi, msaidizi wake katika usalama, akafika pia. Kutoka hapo ushahidi unakatika.

Rais de Gaulle wa Ufaransa alimwandikia mama yake Ben Barka akimwahidi kwamba haki itatendeka. Lakini Februari 1966, mbele ya waandishi wa habari, alisema kuwa upande wa Ufaransa katika jambo hilo ulikuwa wa watu wa ngazi ya chini tu. Mimi naona kauli hiyo ndiyo iliyofunga mlango. Mwaka 1967 Lopez akapewa kifungo cha miaka 8 na Souchon miaka 6, Dlimi akaachiwa, na Oufkir akahukumiwa kifungo cha maisha bila kuwapo mahakamani. Aliendelea na uwaziri wake Rabat kama kawaida. Boucheseiche na wenzake walikwisha kukimbilia Morocco. Georges Figon, mmoja wa waliomtegea Ben Barka mtego wa filamu, alikutwa amekufa Januari 1966, na polisi wakasema amejiua.

Kesi ingeishia hapo, kwa sababu sheria ya Ufaransa ya wakati ule ilifuta madai ya jinai baada ya miaka 10. Oktoba 1975, muda ukikaribia kuisha, mwanawe Bachir alifungua malalamiko mapya, safari hii ya mauaji. Faili hilo halijafungwa mpaka leo, na limepita mikononi mwa majaji wa uchunguzi wengi. Kinachowakwamisha ni kile kinachoitwa siri ya ulinzi wa taifa. Nyaraka za ujasusi zimetolewa kwa mafungu, kidogo kidogo, kana kwamba familia inaomba hisani. Jaji Patrick Ramaël alifika mbali kuliko wengi. Mwaka 2007 alitoa hati za kukamatwa kwa Wamoroko watano, akiwamo Jenerali Hosni Benslimane, na habari zikavuja Rais Sarkozy akiwa ziarani Morocco. Serikali haikumshukuru. Mwaka 2010 akapekua makao makuu ya ujasusi wa Ufaransa.

Upande wa Morocco, ofisa mstaafu Ahmed Boukhari alidai mwaka 2001 kwamba Ben Barka alifia katika mateso kwenye ile nyumba ya Fontenay, mwili ukasafirishwa kwa ndege hadi Rabat na kuyeyushwa kwa tindikali. Familia haijalipokea simulizi hilo kama ukweli, kwa sababu hakuna aliyelithibitisha. Walichoomba ni kuchimba. Kuna mahali Rabat palipojulikana kama PF3, kituo cha siri cha kuwafungia watu, ambapo inasemekana wale majambazi waliokimbia kutoka Paris waliuawa na kuzikwa. Majaji wa Ufaransa wamekuwa wakiiomba Morocco iwaruhusu kupachimbua. Oufkir alikufa 1972, Dlimi 1983, Hassan wa Pili 1999, na ardhi ya PF3 bado haijaguswa kwa amri ya jaji yeyote.