Tanuri la Atomiki Mtaani Ravenswood
Mnamo Desemba 1962 kampuni ya Consolidated Edison iliomba idhini ya kujenga mtambo wa umeme wa atomiki Ravenswood, mtaa wa Queens ukingoni mwa mto, mkabala na Manhattan, New York. Wakazi waliahidiwa kuwa kuta za zege na chuma zingewakinga. Hawakuridhika, wala sioni kuwa hofu yao ilikuwa ya ujinga: mwaka 1963 David Lilienthal, mwenyekiti wa kwanza wa Tume ya Nguvu za Atomiki ya Marekani, alitamka kwamba yeye mwenyewe asingekubali kukaa Queens kama mtambo huo ungekuwapo. Januari 1964 kampuni iliondoa ombi lake. Sababu iliyotoa ilikuwa umeme wa maji wa Kanada, si upinzani wa wakazi.