Mfupa wa Moroto uliandikishwa mara ngapi?

Wandugu, sisi wa Kaberebere na Nakivale tunajua mambo ya kuandikishwa upya. Basi sikieni ya mfupa wa Karamoja.

Ni kaakaa na meno ya mnyama wa ukoo wa sokwe, wa miaka karibu milioni 20 iliyopita. Timu ya William Bishop iliuokota Moroto, ukatangazwa 1963. Mwaka 1969 David Pilbeam akauweka kwa Proconsul major. Na Proconsul ni jina la 1933 lililotokana na Consul, sokwe wa maonyesho kule Uingereza. Eti huyo ndiye babu wa jina!

Mwaka 1997 wataalamu wakaona uti wa mgongo haufanani na wa Proconsul. Wakaandika jina jipya: Morotopithecus bishopi. Kati ya waliosaini, Robert Kityo wa Makerere, na kumbe Pilbeam mwenyewe.

Martin Pickford akapinga: huyo ni Afropithecus tu, wa Turkana. Jina hilo ni la 1986, na kanuni inasema viumbe wakiwa wamoja, jina la zamani linashinda. Hapo Moroto inafutwa. Sisi tunapendelea la 1997, maana linataja kwao. Wenyewe wakibishana, wote wanautaja kwa namba ileile: UMP 62-11.