Giza la msonge

Katika kaya za Wasukuma za Lalago, wilayani Maswa, ubaridi ulianzia mlangoni mwa msonge, nyumba ya duara ya nyasi. Mgeni aliinama, akaingia gizani. Moshi wa jiko ulitia dari weusi na kuwafukuza wadudu wa nyasi. Nje, ndani ya ua wa minyaa, wanaume walizunguka moto wa shikome jioni, wazee wakisimulia.

Operesheni Vijiji ikavunja mpangilio huo. Mwaka 1973 Rais Nyerere aliamuru watu wote wawe wanaishi vijijini ifikapo 1976. Kaya zilizotawanyika zikapangwa kwa mistari. Baadaye mapaa ya mabati yakaenea: hayavuji, ila mchana yanaoka na mvua ikinyesha hamsikilizani. Faida ipo, lakini hasara yake si ndogo.

Umbo la msonge, hata hivyo, liliigwa hata kanisani: huko Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement alijenga kanisa la duara kwa kufuata msonge.