Tundu la Bi Shilling

Mwaka 1940, juu ya Ufaransa na baadaye juu ya kusini mwa Uingereza, marubani wa Spitfire na Hurricane walikuwa na malalamiko yaleyale. Mjerumani aliye mbele yako anasukuma pua ya ndege yake chini na kuzama. Unamfuata kwa kufanya vilevile, na injini yako inakata. Inakohoa, pengine inatema moshi mweusi, kisha inarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Muda huo mfupi ulimtosha Mjerumani kutoweka. Kama yeye ndiye aliyekuwa nyuma yako, ulimtosha kukuua.

Ukitua salama ukamweleza fundi, anaiwasha injini pale uwanjani nayo inanguruma vizuri kabisa. Hakuna kilicholegea wala kinachovuja.

Mafundi wa magari wa Dar es Salaam wangeielewa hali hiyo bila kuelezwa mara mbili. Gari linamisi barabarani, likifika gereji linatulia kama mtoto aliyefikishwa mbele ya daktari. Nimekuwa nikisoma habari za injini ya Merlin, iliyosukuma ndege zile mbili, katika miezi ileile ambayo mtoto wa shangazi yangu alikuwa akihangaika na gari lake la turbo. Kadiri nilivyoendelea kusoma ndivyo nilivyoona kwamba tabu yake na ya marubani wale zina ukoo mmoja, na ukoo huo unaweza kufuatiliwa mwaka kwa mwaka.

Tuanze na Merlin. Rolls-Royce waliipa injini hiyo kabureta, wakati injini ya Daimler-Benz iliyokuwa kwenye Messerschmitt 109 ilipulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Si kwamba Waingereza walikuwa wamelala. Petroli inayogeuka mvuke ndani ya kabureta hupoza hewa inayopita, na hewa iliyopoa hubanana zaidi, kwa hiyo injini hupata nguvu zaidi. Hesabu yao ilikuwa sahihi, ila kabureta ina bakuli dogo la petroli, na ndani ya bakuli kuna boya, kama lile la tangi la choo. Petroli ikipungua boya linashuka na kufungua vali ya sindano. Ikijaa boya linapanda na kuifunga. Mpango mzima unategemea jambo ambalo hakuna mtu hulifikiria akiwa ardhini: kwamba chini ni chini.

Rubani akisukuma pua chini ghafla, vitu vyote ndani ya ndege vinataka kupanda. Petroli inarukia sehemu ya juu ya bakuli na kuacha wazi matundu yanayolisha injini, kwa hiyo injini inakosa petroli na kudhoofika. Hicho ndicho kikohozi cha kwanza. Nacho boya, likiwa limechanganyikiwa nani yuko juu na nani chini, linaiacha vali wazi kabisa. Pampu za Merlin zilikuwa na uwezo wa kusukuma petroli nyingi kuliko injini ilivyoweza kuichoma. Zote sasa zinamwagika ndani ya bakuli bila kizuizi, na injini inazama katika petroli. Hapo ndipo unapotokea moshi mweusi.

Kwa hiyo matatizo yalikuwa mawili, moja likijificha nyuma ya lingine, na yalikuwa kinyume: kwanza njaa, kisha kuvimbiwa. Rubani alisikia kitu kimoja tu, injini kukata. Ukimsikiliza yeye peke yake utadhani petroli haifiki na utataka kuongeza presha ya pampu. Ungefanya hivyo ungelizidisha lile tatizo kubwa.

Aliyeleta dawa aliitwa Beatrice Shilling, mhandisi wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough. Jina lake ni lilelile la pesa yetu. Alizaliwa mwaka 1909, akasomea uhandisi wa umeme Manchester wakati wanawake darasani humo walihesabika kwa vidole, na alipokuwa hayuko kazini alikimbiza pikipiki. Mwaka 1934 alizunguka uwanja wa Brooklands kwa Norton yake kwa zaidi ya maili 100 kwa saa, wastani wa mzunguko mzima, na akapewa nyota ya dhahabu waliyopewa waliovuka kasi hiyo. Wanaosimulia habari zake hupenda kuiweka pikipiki pembeni kama kichekesho, mwanamke wa ajabu na mchezo wa ajabu. Mimi naiona kama sehemu ya elimu yake. Mtu aliyeongeza nguvu ya mashine kwa mikono yake, kisha akaipanda, anajua kwamba kila nguvu unayoongeza mahali pamoja inadaiwa mahali pengine.

Shilling hakugusa boya, wala hakubuni kabureta mpya. Alichukua kipande cha shaba chenye tundu katikati na kukiweka kwenye njia ya petroli kabla ya kabureta. Upana wa tundu ulipigiwa hesabu upitishe petroli inayotosha injini ikiwa kwenye nguvu zake zote, na ziada ndogo sana juu yake. Sasa vali hata ikiachama wazi, bakuli halifuriki. Baadaye kipande hicho kilirahisishwa kikawa washa bapa tu. Nikiitazama picha yake nakumbuka senti za tundu za Afrika Mashariki za enzi hizohizo, ambazo wazee walizitunga kwenye uzi.

Mpaka Machi 1941, Shilling na kikundi kidogo cha wenzake walikuwa wakipita kwenye viwanja vya ndege za kivita wakiifunga, maana haikuhitaji ndege kuondolewa kazini. Marubani wakaibatiza jina la utani, tundu la Bi Shilling, na walipolitamka hawakuwa wakifikiria shaba peke yake. Lakini kumbuka kwamba iliponya ugonjwa mmoja kati ya ile miwili. Kule kudhoofika kwa kwanza, kwa kufumba na kufumbua, kulibaki. Jeshi liliishi nako hadi zilipoanza kutumika kabureta za presha za Bendix-Stromberg mwaka 1943, zisizo na bakuli wala boya.

Jina Bendix linatuvusha hadi kwenye magari. Mwaka 1957 kampuni hiyohiyo ya Marekani ilitangaza mfumo wa kupulizia petroli kwa amri ya umeme, na mwaka 1958 Chrysler wakauza magari machache yaliyofungwa mfumo huo. Ulisumbua mno, na mengi yao yalirudishwa yakafungwa kabureta. Bosch wa Ujerumani walichukua haki ya kutumia hataza zile, wakaboresha, na mwaka 1967 wakatoa D-Jetronic kwenye Volkswagen 1600 zilizokwenda Marekani. Magari mengi ya petroli yaliyotumika barabarani kwetu katika miaka 30 iliyopita ni wajukuu wa mfumo huo.

Namna yake ya kufikiri ni rahisi na ya kijasiri. Kompyuta, ile ambayo mafundi wetu huiita kontroli boksi, haipimi petroli inayoingia. Inapima hewa, kisha inaamua nozeli ifunguke kwa muda gani, elfu kadhaa za sekunde. Ni sawa na kumwambia mtu ajaze ndoo kwa kufungua bomba huku akihesabu hadi kumi, bila kuitazama ndoo. Presha ikiwa ileile kila siku, ndoo itajaa kila siku. Aliyeishi Dar es Salaam anajua udhaifu wa mpango huo. Katika magari mengi ya miaka ile hakuna kihisi chochote kinachoiambia kompyuta presha ya petroli ni kiasi gani. Inaamini tu. Kuna kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi ambacho kingeweza kushtaki, ila mguu ukizama hadi mwisho, kompyuta nyingi za wakati ule huacha kukisikiliza na kufuata jedwali lililoandikwa kiwandani.

Ndiyo maana gari linaweza kukosa petroli mlimani na mashine ya kusoma makosa isionyeshe kosa hata moja.

Gari la binamu yangu ni la Kijapani, lita mbili, magurudumu yote manne yanavuta. Aliponunua, mwenye gari wa kwanza alikuwa amekwisha kulibadilisha: turbo kubwa, nozeli kubwa, pampu ya petroli yenye nguvu zaidi ndani ya tangi, na jedwali jipya kwenye kompyuta. Mjini lilikuwa linaruka. Safari ya Iringa ndiyo ilileta matatizo. Kila alipopanda Kitonga, baada ya kona kadhaa za kukanyaga mafuta bila kuachia, nguvu zilikatika. Siku moja, akiwa amemaliza mlima na kuelekea Ilula, alianza kulipita lori, basi likatokea mbele, akakanyaga amalize haraka, na gari likazima pumzi. Dereva wa lori alifunga breki akamwachia nafasi. Alinipigia simu akiwa bado kando ya barabara, na kwa dakika nzima alichosema ni jina langu tu.

Hatari nyingine ilikuwa ya kimyakimya. Injini ya turbo ikipungukiwa petroli huku hewa ikiendelea kushindiliwa, moto ndani ya silinda unakuwa mkali kupita kiasi na unaweza kuyeyusha pistoni.

Gereji alizopita zilimpokea kwa imani. Moja ikabadilisha plagi, nyingine koili, ya tatu filta, ya nne ikaweka pampu mpya kabisa. Kila moja ililijaribu gari kwa kuzunguka mtaa na kumrudishia likiwa zima. Sizilaumu, maana kila kifaa walichobadilisha kweli kinaweza kuleta dalili ile. Ila kubadilisha vifaa ni kubahatisha, na bahati ina gharama.

Hatimaye tulielekezwa kwa mzee mmoja, fundi umeme wa magari. Binamu akamwamkia, akaanza kumsimulia. Mzee alimkatiza kwa maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameuliza. Linaanza baada ya muda gani? Ukisimama kidogo likapoa, linarudi? Tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani?

“Likipoa linarudi, mzee. Hata dakika kumi tu.”

“Basi hapa haliwezi kuumwa, mwanangu. Itabidi tukaliumize.”

Alifunga geji ya presha kwenye njia ya petroli karibu na nozeli, akaitoa kwa mpira mrefu chini ya boneti na kuibandika nje ya kioo cha mbele tuweze kuiona. Kisha akavuta nyaya mbili ndefu kutoka kwenye soketi ya pampu, juu ya tangi, hadi kwenye mita ya umeme aliyonipa niishike. Tukaenda kutafuta mlima.

Hesabu ni hii. Kwenye gari la namna hiyo, regulata hutakiwa kuweka petroli juu ya presha ya hewa iliyo upande wa pili wa nozeli kwa tofauti isiyobadilika, kama PSI 43. Turbo ikishindilia hewa kwa PSI 14 hivi, geji ya petroli inapaswa kupanda hadi 57 au 58. Mwanzoni ilipanda vizuri. Baada ya nusu saa ya kulibana gari, ilipanda hadi 50, ikasita, ikaanza kuteremka huku turbo bado inasukuma. Ilipogusa 40, gari likakohoa. Tofauti ilikuwa imebaki kama 26, na kwa tofauti hiyo nozeli iliyofunguka kwa muda uleule hutoa petroli pungufu kwa karibu robo. Mita mkononi mwangu ilikuwa imeshuka kutoka volti 13 hadi kumi na nusu. Betri yenyewe ilikuwa nzima.

Tuliposimama, mzee alifungua kiti cha nyuma. Soketi ya pampu ilikuwa imebadilika rangi kama mkate ulioungua pembeni. Pampu kubwa hunywa umeme mwingi kuliko waya na soketi za kiwandani zilivyokusudiwa kubeba. Vikipata joto ukinzani unapanda, volti zinapungua, pampu inazunguka polepole, presha inashuka. Ukisimama vinapoa, na hakuna fundi atakayeona kitu. Pampu mpya iliyowekwa na gereji ya nne ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ileile.

Mzee aliweka waya mnene kutoka kwenye betri, fyuzi yake na rilei yake, na waya wa zamani akauachia kazi ya kuamsha rilei tu. Presha ikasimama 57 mlima mzima.

Kisha, safari iliyofuata, petroli ikiwa chini ya robo, sindano ya geji ikacheza tena kwenye kona ndefu. Ilishuka kwa kufumba na kufumbua tu, ikarudi. Tangi la magari yenye kuvuta magurudumu yote huwa limegawanyika pande mbili ili kuupisha mtaimbo unaopeleka nguvu nyuma, na pampu imekaa upande mmoja. Kuna kifaa kidogo cha kuvuta petroli kutoka upande wa pili, kikisukumwa na petroli inayorudi kutoka kwenye injini. Kwenye kona, tangi likiwa karibu tupu, petroli inaegemea upande usiotakiwa na pampu inavuta hewa. Wenye magari ya mashindano hutatua hilo kwa kuweka tangi dogo la akiba lisilokauka kwenye kona. Binamu aliulizia bei, akanyamaza. Sasa hujaza tangi Morogoro kabla ya kuendelea, na haliachi lishuke chini ya nusu mpaka amevuka Kitonga.

Shilling naye aliendelea. Baada ya vita yeye na mume wake waliacha pikipiki wakahamia kwenye magari, wakalibadilisha Austin-Healey Sprite lao wenyewe na kushindana nalo Goodwood kati ya 1959 na 1962.