Karatasi iliyokaa kabatini miaka 46

Najua nilipotea, ni haya majaribio ya muhula tu. Leo nawaletea habari ya mzee mmoja aliyeninyima usingizi wiki nzima, John James Waterston.

Mskoti huyu alizaliwa Edinburgh mwaka 1811. Miaka ya 1840 alikuwa Bombay, India, akifundisha vijana wa meli wa Kampuni ya Mashariki ya India. Yaani ticha kabisa, kama tutakavyokuwa sisi Mungu akipenda. Baada ya vipindi alikuwa anawaza gesi. Wakati ule wakubwa wengi waliamini joto ni kitu fulani kama kimiminika kinachopenya ndani ya vitu, na chembe za gesi zimetulia mahali pake zikisukumana kwa mbali. Waterston akasema hapana, hazijatulia hata kidogo. Zinakimbia ovyo kila upande, zinagongana zenyewe na kugonga kuta za chombo, na huko kugonga ndiyo presha. Ukizibana kwenye nusu ya nafasi, kuta zinagongwa maradufu, presha nayo maradufu. Ukizipasha moto zinaongeza mbio. Joto ni mwendo, basi! Tena akaona kwamba gesi zikichanganyika, chembe nzito huenda polepole na nyepesi huenda kasi, mpaka nishati zao za mwendo zinalingana kwa wastani.

Mwishoni mwa 1845 akaituma kazi hiyo Royal Society, London. Mmoja wa waliopewa kuikagua akaandika kwamba ni upuuzi mtupu. Mwaka 1846 ukatoka muhtasari tu, karatasi yenyewe ikafungiwa. Kwa kanuni zao hairudishwi, na mwenzetu hakubaki na nakala. (Mnaoandika tasnifu mmesikia?)

Kusema haki hakuwa wa kwanza. Daniel Bernoulli aliandika jambo la karibu na hilo mwaka 1738. Ila sifa zilikuja baadaye, kwa Rudolf Clausius mwaka 1857 na James Clerk Maxwell mwaka 1860. Waterston alitoka nyumbani Edinburgh siku moja mwaka 1883, hakuonekana tena. Mwaka 1891 Lord Rayleigh, katibu wa Royal Society, akaifukua ile karatasi, ikachapishwa 1892.

Sasa usingizi. Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha, kidato cha pili, niliwaambia kwa mbwembwe kwamba molekuli za hewa humu darasani zinakwenda kama mita 500 kwa sekunde. Dogo mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama zina mbio hivyo, mbona harufu ya maharage ya jikoni inachelewa kutufikia?" Darasa likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, nikamwambia aache masihara, akae.

Kumbe swali hilohilo Buys Ballot, Mholanzi, alimbana nalo Clausius mwaka 1858! Clausius hakucheka. Alikaa chini akajibu kwamba chembe haifiki mbali kabla ya kugongana na nyingine, kwa hiyo inapindapinda kama mtu anayekatiza Kariakoo mkesha wa Idi. Jibu hilo likafungua hesabu mpya kabisa, ndizo Maxwell alizoendeleza.

Juzi nikampigia mwalimu wa fizikia wa shule ile, nilitaka anifikishie jibu kwa yule dogo. Akaniambia kaingia kidato cha tatu, na fizikia kaiacha.