Hodi ya kivinjari

Skripti ya tovuti moja ikitaka kutuma data ya JSON kwenye seva ya tovuti nyingine, kivinjari hakiitumi papo hapo. Hutanguliza ombi dogo lisilo na mzigo, liitwalo OPTIONS, likitaja skripti inakotoka na kazi inayotakiwa; seva isipoikubali asili hiyo, data haiondoki. Kiingereza kimeliita ombi hili kwa neno la marubani, ukaguzi kabla ya kuruka. Kulitafsiri hivyo ni kupoteza kiini chake, maana rubani hukagua ndege yake mwenyewe, ilhali hapa anaombwa ruhusa mwenye nyumba. Neno tunalo: hodi. Mgeni huipiga akiwa nje, na asipoitikiwa hurudi.

Lipo pingamizi zito: hodi si kufuli. Fomu ya kawaida ya HTML hupita bila kubisha hodi, na programu isiyo kivinjari haifungwi na adabu hiyo hata kidogo. Nakubali, na kwa sababu hiyo nalitetea neno hili zaidi, kwani Mswahili yeyote anajua kwamba mwizi hapigi hodi. Kwa neno hilo, fundi anayepanga seva hatadhani kuwa kuorodhesha asili zinazoruhusiwa kumemwondolea kazi ya kukagua kila data inayoingia. Na "karibu" yake itaje asili kamili: itifaki, jina la seva, na namba ya mlango kama si ule wa kawaida wa itifaki hiyo, kwa kuwa http na https za jina lilelile ni asili mbili tofauti.